Maswali Yenu: Kaunsela Wangu Lazima Awe Mhamiaji Kama Mimi?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia palepale: mtu yuko nchi ya watu, mambo ya moyoni yamemzidi, amejipa ujasiri akatafuta msaada, halafu anakuta anayemfungukia hampati kabisa. Nimechagua chache, nimezifupisha, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa.

Shikamoo dada. Niko ughaibuni miaka mingi, kazi ninayo, watoto wanasoma, ila tangu baba afariki usingizi sina. Sikwenda kumzika kwa sababu karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka nisingerudi. Daktari akanipeleka kwa kaunsela, ni mama mpole kwa kweli simsemi vibaya, ila nikimwambia habari za hela ninazotuma nyumbani anauliza kwa nini siwakatalii, nikimwambia mi ndo mtoto wa kwanza ananiangalia tu kama nimemtajia namba ya basi. Kikao kilichopita saa nzima imeisha namweleza kwa nini simu ya nyumbani ikiita usiku mwili wote unakufa ganzi. Natoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nimeamua natafuta kaunsela ambaye na yeye ni mhamiaji, ikiwezekana wa kwetu kabisa. Nianzie wapi na nitajuaje ndiye? (Mtoto wa Kwanza)

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kufiwa ukiwa mbali na ukashindwa kwenda ni msiba juu ya msiba, na huyo anayekuuliza kwa nini huwakatalii ndugu zako amegusa pasipouma akaacha panapouma. Hujakosa shukrani. Kuchoka kwa kuwa mwalimu wa kaunsela wako mwenyewe ni kuchoka kweli, tena saa ile ni ya kwako, hukuja pale kufundisha.

Lakini nikuulize kwanza, umemwambia? Maana wengi wetu tumelelewa kutomkosoa mtu wa ofisi, tunatabasamu, tunasema asante, halafu hatuonekani tena, na yeye anabaki anadhani umepona. Mwambie hivi hivi tu ulivyoniandikia mimi: "natumia muda mwingi kukueleza familia yangu ilivyo na huzuni yangu hatujaigusa". Akijibu "pole, sikuona hilo, tuanzie wapi?" huyo ana kitu, mpe nafasi. Akianza kujitetea, au akakwambia wewe ndo unakwepa matibabu, basi umepata jibu lako bila kupoteza miezi mingine.

Sasa hilo la mhamiaji mwenzio. Mwaka 2011 watafiti Raquel Cabral na Timothy Smith walijumlisha tafiti nyingi zilizoangalia kama mtu anapona vizuri zaidi akihudumiwa na mtaalamu wa rangi au asili yake. Wakakuta watu wanampenda zaidi wa asili yao, na wanamwona vizuri zaidi pia, ila ukija kwenye kupona kwenyewe tofauti ni ndogo mno, karibu hakuna, isipokuwa kwa Wamarekani weusi ambao kwao ilionekana faida kidogo. Mi sishangai. Ulichokikosa kwa yule mama ni mtu anayejua kuuliza, na hicho kinaweza kukosekana hata kwa mtu mliyezaliwa naye mtaa mmoja.

Mfano ninaoupenda ni wa Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique, kisiwa cha Karibiani, yeye mwenyewe mtu mweusi kutoka koloni la Ufaransa. Mwaka 1953 alianza kazi hospitali ya Blida-Joinville kule Algeria, nayo wakati huo ikiwa chini ya Ufaransa, na alikuja na mbinu alizojifunza Ufaransa: vikundi, sherehe, gazeti la wagonjwa, kazi za mikono. Kwenye wodi ya wanawake wa Kizungu mambo yakaenda vizuri. Kwenye wodi ya wanaume Waislamu wakamwangalia tu, hawakushiriki. Angeweza kusema hawa watu hawabadiliki, kama walivyokuwa wanasema wakubwa wake wa kikoloni, lakini yeye na mwenzake Azoulay wakaandika mwaka 1954 kwamba kosa ni lao, wameleta maisha ya watu wengine wakayabandika pale. Wakabadilisha, wakaweka mkahawa wa kukaa, wakaita msimulizi wa hadithi, wakaheshimu sikukuu za wagonjwa. Kiarabu alikuwa haongei, alitumia wakalimani. Kwa hiyo kuwa mtoto wa koloni hakukumsaidia siku ya kwanza, kilichomsaidia ni kukubali kwamba hajui halafu akaenda kujua. Mtu wa namna hiyo ndo unamtafuta, awe mhamiaji asiwe.

Ila lugha ni habari nyingine kabisa. Huyo huyo Smith na mwenzake Derek Griner walijumlisha tafiti 76 mwaka 2006 za tiba zilizorekebishwa ziendane na utamaduni wa wateja, na zile zilizofanyika kwa lugha ya mama ya mteja zilileta matokeo karibu mara mbili ya zile za Kiingereza. Kwa hiyo kama unaota, unaomba na unalia kwa lugha yako, basi kwenye orodha yako weka lugha juu ya pasipoti.

Pa kutafuta: saraka za wataalamu mtandaoni karibu zote zina sehemu ya kuchuja kwa lugha, na nyingine kwa asili au dini. Usiishie kwenye picha na jina la ukoo, soma alichoandika mwenyewe. Akisema anafanya kazi na "watu wote, matatizo yote", mi napita. Akitaja uhamiaji, kufiwa ukiwa mbali, familia zilizotawanyika, karatasi, hapo nasimama. Halafu kuna vituo vilivyoanzishwa kwa ajili hiyo hasa, London kwa mfano kipo Nafsiyat tangu 1983, kilianzishwa na Jafar Kareem, na kwa waliopitia mateso kipo Freedom from Torture tangu 1985. Nchi nyingi zinazopokea wakimbizi zina vituo vya aina hiyo, uliza shirika la wahamiaji lililo karibu nawe. Na siri ambayo watu hawaitumii: waulize wakalimani wa hospitali. Wale wamekaa ndani ya vyumba na wataalamu wengi, habari za wagonjwa hawaruhusiwi kukwambia na usiwaulize, lakini nani anasikiliza na nani anaangalia saa wanajua.

Ukimpata wa kumjaribu omba maongezi mafupi ya simu kabla ya kujiandikisha, wengi wanakubali dakika kumi au kumi na tano bila malipo. Usimuulize "unaijua nchi yetu?" maana atakwambia aliwahi kwenda kutalii. Mpe kipande cha kweli, mwambie "nilishindwa kumzika baba yangu kwa sababu ya karatasi", halafu unyamaze usikilize anauliza nini. Akikuuliza kwenu mtu akifiwa akiwa mbali hufanya nini, nani alikwambia habari za kifo, nani anakulaumu na wewe unajilaumu kwa lipi, hapo umefika pazuri. Akirukia ushauri kabla hajakuuliza kitu, shukuru ukate simu.

Tena unaweza kumuuliza kama anatumia Mahojiano ya Uundaji wa Kitamaduni (kwa Kiingereza Cultural Formulation Interview). Jina gumu lakini kitu chenyewe ni rahisi, ni maswali 16 yaliyowekwa kwenye DSM-5, kile kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 2013. Humo unaulizwa tatizo lako wewe unaliitaje, ndugu zako wanadhani limetoka wapi, nani amekusaidia mpaka sasa, na la mwisho kabisa ni hili: je una wasiwasi kwamba mimi na wewe tunaweza tusielewane kwa sababu tumetoka sehemu tofauti, na tufanyeje? Yapo bure mtandaoni. Hata kama yeye hayatumii we yapitie nyumbani uandike majibu yako, ukurasa mmoja tu, umpe kikao cha kwanza. Saa nzima ya kufundisha inageuka dakika tano za kusoma.

Na angalia leseni yake, tafadhali. Uingereza kwa mfano neno kaunsela halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita hivyo, ndo maana unatakiwa kumtafuta kwenye rejista za BACP au UKCP, vyama vya kitaaluma vya makaunsela na watibabu wa kisaikolojia, na kama anajiita mwanasaikolojia wa kliniki basi HCPC, chombo cha kisheria kinachowasajili. Kila nchi ina yake. Mtu wa kwenu asiye na chombo cha kumwajibisha ni hatari kuliko mgeni mwenye leseni, hapo sina mjadala.

Mwisho kwako wewe: kama kukosa usingizi kunafika mahali unawaza kujidhuru, usikae foleni ya kaunsela wa asili yoyote, piga namba ya dharura ya hapo ulipo au nenda hospitali usiku huohuo.

Habari yako. Mji wetu mdogo na jamii yetu ni watu wachache tunajuana wote. Kaunsela anayeongea lugha yetu ni mmoja tu na tunasali naye pamoja, mke wake na mke wangu ni marafiki. Nina mambo ya ndoa na mambo ya pombe. Naogopa. Nikienda kwa wengine nawekewa mkalimani na huyo mkalimani naye ni wa hapahapa. Sasa nifanyeje? (Baba wa Kimya)

Salama ndugu yangu. Hofu yako ina msingi na asikwambie mtu kwamba unajishuku bure.

Kisheria na kimaadili kaunsela mwenye leseni hatakiwi kutoa siri yako kwa mke wake wala kwa kiongozi wa dini wala kwa mtu mwingine, na akiitoa anaweza kupoteza kazi. Siri ina mipaka yake, hasa uhai wako au wa mtu mwingine ukiwa hatarini au mtoto anaumizwa, na hiyo mipaka anatakiwa akuambie kikao cha kwanza kabla hujafungua mdomo. Lakini hata asipotoa siri, kuna kitu kingine: maadili ya kazi yao karibu kila mahali yanawataka wajiepushe kumhudumia mtu ambaye tayari wana uhusiano naye nje ya ofisi. Rafiki wa familia hafai kuwa kaunsela wako, hata awe mzuri vipi, na yeye mwenyewe ukimpigia akiwa mtu makini ndo atakuwa wa kwanza kukwambia "mimi sifai kwako ila nitakuelekeza kwa fulani". Hiyo simu moja unaweza kuipiga bila kueleza tatizo.

Mimi ningekuwa wewe ningetafuta mhamiaji wa kwingine kabisa. Mtu aliyeacha nyumbani kwake, aliyejifunza upya namna ya kuongea na kucheka, anayejua ilivyo kuhesabu masaa ya nyumbani kabla ya kupiga simu, lakini hamjui hata mtu mmoja unayemjua wewe. Kwa watu wa jamii ndogo huo ndo mpangilio unaokaa vizuri kuliko yote, na sijui kwa nini hausemwi.

Kuhusu mkalimani, una haki ya kumkataa. Omba mkalimani wa simu kutoka mji mwingine, asiambiwe jina lako, hilo linafanyika kila siku, Australia kwa mfano serikali ina huduma nzima ya ukalimani wa simu, TIS National. Na kamwe usikubali mtoto wako au ndugu akutafsirie, hata wakikwambia leo hakuna mtu, ahirisha. Hilo la pombe pia lina vituo vyake tofauti na vya ndoa, usilazimishe mtu mmoja abebe yote mawili.

Mambo! Mimi nimekuja huku nikiwa mdogo sana, lugha ya nyumbani naielewa ila nikiongea wananicheka. Nilipata kaunsela wa asili yetu, nilifurahi mpaka nikalia, kikao cha pili nikamwambia sitaki kusomea nilichochaguliwa na wazazi akaniambia "unajua wazazi wako walivyoteseka kukuleta hapa?" Nikajiona mchafu. Kwani wote wako hivi? (Nusu-nusu)

Poa mwanangu, na hapana, wote hawako hivyo, ila huyo uko sahihi kumwacha.

Kilichotokea pale ni kwamba alimsikia mzazi, wewe hakukusikia. Inawezekana na yeye ana mtoto wa umri wako nyumbani kwake anayemwambia hayo hayo, ukamgusa kidonda akajibu kama baba. Kaunsela mhamiaji anakuja na mzigo wake, ndo maana wanatakiwa kuwa na msimamizi, mtaalamu mwenzao wanayekaa naye kupitia kazi zao ili mambo yao yasimwagikie wateja. Kwa hiyo unayefuata muulize waziwazi, bila aibu: "ukikutana na mteja anayefanana na familia yako unafanyaje?" Mwenye msimamizi ana jibu tayari na wala hatakasirika. Anayesema "haijawahi kunitokea" hajajitazama.

Mwaka 1998 madaktari wawili Marekani, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba kuujua utamaduni wa mgonjwa si kozi ya kumaliza na kupata cheti, mtaalamu anatakiwa aendelee kujikagua maisha yake yote, pamoja na ubabe alionao juu ya anayemhudumia. Naona yule wako aliona cheti anacho tangu kuzaliwa.

Na hilo la lugha usijidharau. Wewe lugha yako ya moyoni inaweza kuwa ya huko ulikokulia, au zote mbili zikichanganyika kwenye sentensi moja, tafuta anayeruhusu mchanganyiko. Mtu aliyekulia katikati kama wewe, hata wazazi wake wawe wametoka bara lingine, anaweza kukufaa kuliko mzee wa kwenu. Wazazi wakiuliza unaenda wapi, huna lazima ya kutoa taarifa kama umeshafikisha umri wa utu uzima. Ukiwa bado, sheria ya nchi yako ndo inaamua wanaambiwa nini, muulize kaunsela mwanzoni kabisa.

Kwa nini nihangaike huku? Si nimpigie video kaunsela aliyeko nyumbani, bei yake nafuu na ananielewa. Kuna ubaya? (Mpenda Shortcut)

Ubaya haupo kwenye wazo, upo kwenye vitu vitatu vinne ambavyo watu hawaviulizi. Nchi nyingi sheria inaangalia mteja amekaa wapi wakati wa kikao, siyo kaunsela yuko wapi. Marekani hata wa jimbo moja kwa kawaida hawezi kumhudumia aliyeko jimbo lingine bila kibali cha huko, sasa wa ng'ambo je? Likiharibika jambo utamshtaki wapi? Bima nayo kwa kawaida hailipi. Na siku umezidiwa saa nane usiku, yeye hajui gari la wagonjwa la mtaa wako linaitwaje.

Baada ya kusema hayo, wapo wanaofanya na inawasaidia, sitajifanya sijui. Ukiamua hivyo hakikisha amesajiliwa kwake (Kenya kwa mfano ina sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ya mwaka 2014), muulize yeye mwenyewe kama anaruhusiwa kuhudumia mtu aliyeko nchi yako, na mpe jina na simu ya mtu mmoja aliye karibu na wewe kwa ajili ya dharura. Pia jiulize kama ataelewa upande wa pili, maana anayajua ya nyumbani, ila ya huko uliko, bosi, karatasi, baridi ya watu, hayajui, na unaweza kujikuta unafundisha tena ila kwa upande mwingine.

Dada, vikao vingapi vinatosha kujua huyu hafai? Na namwachaje bila ugomvi? (Mwoga wa Kukataa)

Vitatu mpaka vinne. Cha kwanza mara nyingi ni fomu na maswali, usihukumu hapo, isipokuwa kama amekudharau au amekucheka, hapo ondoka siku hiyohiyo. Kufika cha nne unatakiwa uone angalau anakumbuka majina ya watu wako, na kuna kitu kimoja umekisema pale ambacho hujawahi kukisema popote. Kulia siyo dalili mbaya, na kutoka umechoka mara mojamoja siyo dalili mbaya. Kutoka kila mara ukijiona umechekesha watu, hiyo ni mbaya.

Kumwacha hakuhitaji kikao cha kuagana kama hutaki. Meseji inatosha, inakili hii: "Asante kwa muda wako. Nimeona nahitaji mtu mwenye uzoefu zaidi na wahamiaji, kwa hiyo nasimamisha vikao. Kama kuna mwenzako unayemfahamu naomba unielekeze, na naomba muhtasari wa tulipofikia ili nisianze upya." Kama ulipelekwa na daktari mjulishe na daktari, maana kuna sehemu ukiacha kimyakimya jina lako linafutwa na unarudi mwisho wa foleni.